Kidole Hakisemi Sifuri

Jambo lote lilinigharimu kilo kumi na nne za mwili, mbuzi saba, jozi tatu za viatu na ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kushoto. Nimehesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilipata mbuzi sita, na hesabu inayonipendelea huwa siiamini mpaka niirudie. Kilo sizidai, aliyeziokota na azile. Ukucha umeota tena, umekwenda upande kidogo kama mtu asiyetaka kusalimiwa. Mbuzi ndio wanaoniuma, na nitafika kwao.

Mimi ni dalali katika soko la mifugo la Garissa. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu imekuwa kusimama kati ya mwenye mbuzi na mwenye pesa, nikimwambia wa kwanza kwamba mnyama wake amebaki mifupa, na wa pili kwamba mnyama kama huyu hajapita hapa tangu mvua ile kubwa. Wote wawili wanajua ninachofanya. Huyu anapanda, yule anashuka, tunakutana katikati, na kila mtu anakwenda nyumbani akidhani amemzidi mwenzake. Ndivyo soko lilivyonilea: chochote ukitajiwa, kigawe mara mbili, halafu anza kubishana kuanzia hapo.

Kwa mbuzi tabia hiyo ni nzuri. Nilichelewa kujua kwamba nilikuwa naitumia pia kwa nafsi yangu.

Ilianza na kokoto. Jioni moja nilivua kiatu mlangoni, kokoto ikaanguka kutoka ndani, kubwa kama punje ya hindi, yenye ncha. Nilikuwa nimeshinda nayo kutwa. Siwezi kusema nilitembea nayo, maana kutembea kwangu siku hizo kulikuwa kutoka mlangoni hadi kwenye pikipiki. Lakini nilikuwa nimeikanyaga kutwa nzima na sikuihisi. Mke wangu aliiokota, akaitazama, akanitazama mimi. Katika ukoo wetu kila mtu anajua maana ya mguu usiohisi kokoto.

Baba yetu alikuja Garissa kwa miguu kutoka Diff, kule mpakani, akiwa kijana, akiswaga ngamia wa watu. Siku kumi. Aliisimulia safari ile mpaka uzeeni: siku ya kwanza kisima fulani, siku ya pili kisima fulani, siku ya tatu hakuna kisima, vumilia. Mimi nilijua kuhesabu visima vya baba kabla ya kujua kuhesabu vidole vyangu. Kisha akaketi mjini, akapata duka, kiti, na chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitano, na sukari ikampanda. Kidonda kilianza kwenye kidole. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti. Tuliufunga kitambaa cheupe tukauzika kwa heshima, na alipotoka hospitali akauliza tumeuzika upande gani. Tukamwambia. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi umenitangulia. Siku zote huo ndio uliokuwa wa kwanza kutoka mlangoni."

Sote tulicheka isipokuwa dada yangu mkubwa, ambaye alitoka nje akajifanya anatafuta mkaa. Baba aliishi mwaka mmoja na nusu baada ya hapo, na kwa muda wote huo dada ndiye aliyemwosha, akamgeuza, akausafisha ule mguu uliobaki kila asubuhi kama mtu anayesafisha taa ya mwisho nyumbani.

Kwa hiyo nilikwenda kliniki. Nesi aliyenipima alikuwa msichana kutoka bara, kule ambako wazee wetu bado wanakuita "Kenya", kana kwamba sisi tuko nchi ya jirani. Mashine yake ilisoma kumi na sita. Nikamwuliza kama hiyo ndiyo bei ya mwisho. Hakucheka. Akanieleza dawa, akanieleza ugali na soda, akaniambia nikague nyayo zangu kila jioni kama ninavyokagua kwato za mnyama, na hapo nikajua ameanza kuzoea mji wetu. Mwisho akasema lazima niweke lengo. Nikamwambia lengo ninalo, nataka kupona, inshallah. Akasema hilo ni dua, na dua ni njema, lakini yeye anataka kitu ambacho siku ikifika tutajua kama nimekitimiza au sikukitimiza. Tuanze na kutembea dakika thelathini kila siku.

Nikasema kumi.

Akasema thelathini.

Nikasema kumi na tano, na Ijumaa mbili za mapumziko kwa wiki. Akaandika thelathini kwenye kadi yangu, akagonga muhuri, akamwita mgonjwa mwingine. Sijawahi kuona mtu anayefanya biashara vibaya namna ile. Nilitoka nikimheshimu.

Lakini kabla sijafika getini nilikuwa nimeshagawa. Thelathini ikawa kumi na tano. Kumi na tano ikawa kwenda dukani na kurudi. Kwenda dukani ikawa kesho. Wiki ya tatu, lengo langu la kutembea lilikuwa kuegesha pikipiki upande wa pili wa barabara.

Dada yangu anauza maziwa ya ngamia hapa Galbet. Pikapu huingia asubuhi na mitungi ya njano kutoka malishoni, na yeye huwa ameshaketi mahali pake, akinusa kila mtungi kabla hajalipa hata shilingi. Amenizidi miaka tisa. Nilipozaliwa ndiye aliyenibeba mgongoni, na hajawahi kunishusha sawasawa. Habari ya kokoto aliipata kwa mke wangu. Hakunigombeza. Aliniita, akanikalisha juu ya kreti, akanimiminia chai isiyo na sukari. Ilikuwa kama kunywa taarifa ya msiba. Akauliza nesi ameniambia nitembee kiasi gani, nami nikamjibu kwamba bado tunajadiliana.

"Haye," akasema. "Basi malizia na mimi. Kama watu wa soko."

Akanyoosha mkono, akaufunika kwa shali lake.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu bila hili hakuna kisa. Sokoni kwetu, bei ya mnyama haitajwi kwa mdomo mbele za watu. Anayenunua na anayeuza hupeana mikono, mikono ikafunikwa kwa shali, na huko chini ya kitambaa vidole ndivyo vinavyozungumza. Ukinishika kidole kimoja, umesema moja. Ukishika vitatu, tatu. Mkono mzima, tano. Watu wanaowazunguka huona nyuso tu, na nyuso za madalali ni milango iliyofungwa. Mkono ukishatoka nje ya shali, bei imepita. Ukirudi nyuma baada ya hapo, hakuna mtu atakayekupa mkono tena maishani mwako.

Ila kidole hakisemi sifuri. Kidole kimoja ni kimoja tu. Kama ni elfu moja au elfu kumi, anayesema ni mnyama aliyesimama mbele yenu. Mbele ya mbuzi, kidole ni elfu. Mbele ya ngamia, kidole hicho hicho ni elfu kumi. Katika miaka ishirini na miwili sijaona mtu akikosea hapo, kwa sababu mbuzi na ngamia hawafanani.

Chini ya shali, dada alinishika vidole vitatu. Nikajua anataka kilomita tatu. Kutoka kwangu hadi sokoni, zungusha kidogo, rudi. Nikamjibu kwa kimoja. Akashika vitatu. Nikampa viwili. Akavishika vitatu na kuviminya mpaka viungo vikalia, na mwanamke huyu amebeba mitungi ya lita ishirini maisha yake yote. Nikakubali tatu, kwa sababu nilishapiga hesabu kwamba nitatembea moja na nusu. Nikamwuliza nikitimiza nitapata nini. Akanishika kidole kimoja, nikaelewa mbuzi mmoja. Na nikishindwa? Kwa mkono wake wa pili, uliokuwa nje, akakipigapiga kiti cha pikipiki yangu, yaani itakuwa yake. Mikono ikatoka.

Siku mbili baadaye nilifika sokoni nikasalimiwa kwa heshima nisiyoizoea. Mzee wa ngamia alinishika bega akaniombea dua. Kijana wa nyasi aliniita shujaa. Dalali mwenzangu, ambaye tumenyang'anyana wateja tangu tukiwa na nywele, alinisogelea na uso wa huzuni. "Warya," akasema, "nimesikia utatembea kilomita thelathini. Kwa siku moja. Niandikie wasia kabisa. Wateja wako waje kwangu."

Nilipanda pikipiki hadi kwa dada. Alikuwa anaosha mitungi, hakuinua kichwa. Nikamwambia tulikubaliana tatu. Akasema ndiyo, tatu. Nikamwambia tatu ni tatu. Akauliza, kwani tulikuwa tunazungumza mbuzi?

"Tulikuwa tunanizungumza mimi."

"Basi," akasema. "Mimi mbele yangu nilimwona ngamia."

Ilikuwa sifa, na ilikuwa mtego, na sijawahi kupewa vyote viwili kwa sentensi moja. Thelathini, akanieleza, ndiyo siku moja ya baba: kutoka maji hadi maji. Yeye hakuwa anaomba siku kumi, alikuwa anaomba moja. Muda ni miezi mitatu, kabla ya Ramadhani. Nitaanzia kule ambako pikapu huchukua maziwa, barabara ya Modogashe, nitamalizia kwenye lango la soko la mifugo. Soko zima la maziwa lilikuwa limeshaambiwa, na redio haijashinda soko la maziwa hata siku moja.

Sikuwa na njia. Mkono ulikuwa umetoka.

Nikaanza kutembea baada ya swala ya alfajiri, kabla watu hawajajaa njiani. Simu ya mke wangu inahesabu hatua, lakini simu ile ile hukwambia chaji ni nusu kisha ikazima, kwa hiyo niliibeba pamoja na tasbihi: punje moja kwa kila hatua mia. Siku ya kwanza nilihesabu hatua elfu mbili na mia tatu. Simu ilisema elfu mbili na mia tano. Mia mbili zaidi, kwa faida yangu. Nilizikataa.

Kitu kimoja kilinishangaza, na nimekifikiria sana tangu siku ile. Zile dakika thelathini za nesi nilikuwa nimezijadili mpaka zikaisha. Hizi kilomita thelathini hazikuwa na mahali pa kuanzia kujadili. Nusu yake ni kumi na tano, na kumi na tano ni mwendo ambao sikuwa nimeutembea kwa miaka kumi. Nusu ya hiyo ni saba na kitu, nayo ni kwenda mjini hadi daraja la Tana na kurudi Galbet, na kubaki na deni. Nilijipunja kila asubuhi kama kawaida yangu, na kila asubuhi nilijikuta nimetembea. Lengo dogo ukiligawa hubaki na uvivu. Hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba hata makombo yake yalinichosha.

Sasa mbuzi. Garissa, mtu wa umri wangu mwenye pikipiki akionekana anatembea kwa miguu asubuhi tatu mfululizo, watu hawasemi anafanya mazoezi. Wanasema pikipiki imeuzwa. Vijana wa bodaboda walikuwa wakisimama kando yangu. "Adeer, panda tu, utalipa siku ukipata." Nikiwaambia natembea kwa hiari yangu, wanatikisa kichwa kwa huruma, jinsi mtu anavyomtikisia kichwa aliyefiwa anaposema yuko sawa. Wiki ya nne habari zilikuwa zimefika kwa wanunuzi wa kutoka bara kwamba nimefilisika. Mnunuzi akijua una njaa, hana haja ya kubishana. Anataja bei ya chini kisha anaangalia mawingu. Nilikuwa na mbuzi wangu mwenyewe wa kuuza, nikauza saba kwa bei ambayo ningemcheka mtu mwingine. Mke wangu ndiye aliyepata dawa: mara mbili kwa wiki nikawa napeleka pikipiki sokoni, naiegesha langoni ionekane kama bibi harusi, kisha nairudisha nyumbani. Bei zikapanda.

Kosa langu kubwa halikuwa la mbuzi, lilikuwa la viatu. Nilianza na akala za mpira wa tairi, nesi akazitazama na kusema hapana, nitafute viatu vya kufunika vidole. Nikaenda dukani, nikapata raba nzuri kabisa, na nikapunguziwa shilingi mia tatu nzima. Nilipunguziwa kwa sababu zilikuwa namba arobaini na moja, na mimi navaa arobaini na tatu. Mtu mwenye mguu mzima angelia kwa maumivu hatua ya kumi. Mimi sikuhisi chochote. Nilitembea nazo wiki nzima nikijisifu kwa mia tatu yangu.

Jumatano nilivua soksi, ikakataa kutoka. Ilipotoka, ukucha wa kidole gumba ulitoka nayo nusu, na chini yake palikuwa pekundu na pabichi, na bado sikuhisi kitu. Hicho ndicho kilichonitisha. Damu nilikuwa naiona, lakini ilikuwa kama naitazama kwenye mguu wa mtu mwingine.

Dada alifika kabla hata sijajua aliitwa na nani. Akaomba maji ya vuguvugu na chumvi, akakaa chini, akaliweka karai mbele yangu, akauchukua mguu wangu kwa mikono miwili. Halikuwa karai alilomwoshea baba, lakini mikono ilikuwa ile ile. Aliosha kila kidole peke yake. Alipomaliza akasema, lakini aliuambia mguu, si mimi.

"Walaal, ndugu yangu, shali nimelifungua. Ukitaka kutoka, toka. Nitawaambia watu mimi ndiye niliyekosea hesabu."

Nielewe vizuri. Mtu ambaye hajawahi kukosea hata kibaba cha maziwa alikuwa anajitolea kuitwa mkosaji soko zima, ili mimi nipate njia ya kutokea. Sijawahi kupunguziwa kiasi kile maishani. Na kwa mara ya kwanza nilipunguziwa nikahisi nimeibiwa. Nikamwuliza kwa nini alishika ngamia siku ile, alijua kabisa mimi naona mbuzi.

"Nilijua," akasema. "Ningekwambia tatu, ungetembea moja. Umegawa kila kitu tangu ukiwa mdogo, hata dawa ya malaria uligawa ukasema umepona. Nilitaka hata ukigawa kibaki kitu." Akaukausha mguu kwa ncha ya shali. "Mguu mmoja nimeshauosha mpaka ukaisha. Wa pili sitaki."

Nikamwambia thelathini ibaki pale pale.

Nesi alinifunga kidonda na kunikataza kutembea wiki mbili, na safari hii sikusema wiki moja. Aliposikia habari ya kilomita thelathini alikumbusha kwamba yeye aliagiza dakika thelathini, na kwamba inaonekana tulipotezana njiani. Kila siku ya tatu nilikwenda kubadilishiwa bandeji. Nikanunua viatu vya tatu, namba arobaini na tatu, na nikalipa bei niliyotajiwa bila kufungua mdomo. Mwenye duka ananifahamu miaka mingi. Alishika zile pesa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna msiba.

Kidonda kilifunga. Nesi alikibonyeza, akakimulika, akauliza maswali kama polisi wa kizuizi cha barabarani, kisha akaniruhusu kwa masharti: tende tatu mfukoni, maji, soksi za kubadilisha, na nikiona kizunguzungu nakaa chini, siongei. Nikaanza upya. Saba. Kumi. Kumi na nne. Ishirini na moja, ambayo ilinilaza siku mbili. Wiki moja kabla ya Ramadhani, dada akasema ngamia ameiva.

Pikapu ya maziwa ilinishusha kulipokuwa kunaanza kupambazuka. Nikaswali kando ya barabara, nikavaa viatu, nikaanza kurudi mjini. Mkono wa kulia tasbihi, mkono wa kushoto fimbo ya baba, ambayo dada alinipa bila maelezo. Kwa saa mbili za kwanza nilikuwa tajiri. Upepo ulikuwa wa baridi, dikidiki walikuwa wanavuka barabara wawili wawili, na nilipata wazo kwamba watu hutia chumvi nyingi mno katika habari za kutembea. Pikapu ikanipita na mitungi imejaa, na siku hiyo dada alikuwa juu yake, akapiga mlango kwa kiganja mara tatu. Tatu. Nilicheka peke yangu kwa nusu kilomita.

Jua likapanda, na wazo likabadilika. Kufikia saa nne nilikuwa nimeacha kuhesabu punje na kuanza kuhesabu miti, na miti ya upande ule si mingi. Nilikaa chini ya mgunga mmoja nikavua viatu, nikakagua nyayo kama mnunuzi mkorofi. Safi. Nikala tende moja. Lori la ng'ombe likasimama, dereva akanisihi nipande, akasema bure, Wallahi, bure. Neno hilo. Nilisimama nikishika mlango wa lori muda ambao sitautaja hapa. Nilichofikiria si soko, wala dalali mwenzangu, wala pikipiki. Nilimfikiria baba siku ya tatu, ile isiyo na kisima. Hakuwa na mtu wa kujadiliana naye. Nikamwambia dereva aende kwa amani, nikabadilisha soksi.

Modika nilifika saa saba na kitu nikiwa natembea kama mtu aliyebeba mayai kwenye magoti. Dada alikuwa ananisubiri. Alikuwa ameshauza maziwa yote, akachukua bodaboda kunirudia, na mbele ya macho yangu akamlipa kijana akamwambia aondoke. Nikamwuliza atarudije mjini. Akauliza, kwani miguu ni ya kwako peke yako?

Tulitembea sehemu iliyobaki pamoja. Alikuwa na chupa ya chai isiyo na sukari, na sasa nasema bila aibu kwamba ilikuwa tamu. Nikilegea, anaongeza mwendo bila kusema. Akilegea yeye, mimi najifanya nafunga kamba ya kiatu. Hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa tulipofika langoni. Nikagusa nguzo. Madalali walikuwa wamejipanga, na dalali mwenzangu yule akanizunguka polepole, akanibinya mgongo kwa vidole viwili jinsi tunavyopima mafuta ya mbuzi, akanifunua mdomo akatazama meno. Akawageukia wenzake. "Amekonda," akasema. "Lakini miguu yote minne ipo. Chukueni." Soko likacheka, mimi nikakaa juu ya gunia la nyasi na sikuinuka mpaka magharibi.

Baada ya Ramadhani nesi alinipima tena. Mashine ikasoma saba. Nikamwuliza kama inaweza kushuka hadi sita. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema hapo tunaweza kuzungumza. Na wiki iliyopita nilikanyaga kokoto ndani ya kiatu nikaisikia. Si sana, kama mtu anayebisha mlango wa jirani, lakini niliisikia. Mke wangu ameiweka dirishani karibu na ile ya kwanza.

Basi limebaki moja. Jumamosi dada alifika kwangu akivuta mbuzi mweupe mwenye kichwa cheusi, akamfunga getini, akasema hiyo ndiyo zawadi yangu, kidole kimoja kama tulivyokubaliana. Nikamzunguka yule mbuzi mara mbili. Nikamwuliza dada, kwa heshima zote, kwani siku ile tulikuwa tunazungumza mbuzi? Majirani wakatoka. Nikamkumbusha kwamba shali lilikuwa moja, mkono mmoja, siku moja. Kama tatu yake ilikuwa ya ngamia, basi na moja yangu ni ya ngamia. Haiwezekani mnyama akabadilika katikati ya mazungumzo. Nilidhani nimempata.

"Haye," akasema. "Ngamia. Ninaye mmoja jike, yuko Diff kwa binamu zetu. Ni wako. Kamlete."

Nikasema nitatafuta lori. Akasema ngamia wake hapandi lori, na akanyoosha mkono, akaufunika kwa shali. Sikuutoa wangu. Nimeomba mpaka Ijumaa. Mbuzi bado yuko getini anakula nyasi zangu, na sijui namlisha mbuzi wangu au wa watu.

Kwa hiyo naomba ushauri, na sitaki wa kunifurahisha. Nimchukue mbuzi nimshukuru Mungu kwa mguu ninaohisi nao, au nitie mkono chini ya lile shali? Thelathini mara kumi nimeipiga mara mbili, jibu ni lile lile. Nesi amesema nimpelekee nyayo kwanza. Na kama yuko msomaji aliyewahi kuswaga mifugo kutoka Diff kuja huku, aniambie jambo moja kabla ya Ijumaa: ile siku ya tatu bado haina kisima?